Seva moja inaiona diski, nyingine haioni

Safari hii nimechagua barua tatu, zote zinalia kilio kimoja, diski ya nje inayotumiwa na seva zaidi ya moja alafu kuna seva haiioni. Mitambo yao ni tofauti kabisa kwahiyo majibu nayo ni tofauti, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu ndo ngumu na ndo yenye hatari.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi niko Dodoma, ofisini kwetu kuna mitambo ya zamani ila bado inakula mzigo kila siku, seva mbili za Sun Enterprise 220R, Solaris 8 na Sun Cluster 3.0 (programu inayoziunga seva ziwe klasta, moja ikianguka nyingine inachukua kazi), na kabati moja la nje la diski za SCSI ambalo seva zote mbili zimechomekwa hapo hapo. Tulihamia jengo jipya, vitu vikakaa stoo kidogo kabla ya kuwashwa. Seva ya kwanza ikawaka fresh, diski zote inaziona. Ya pili ilipowaka ikaandika The IDPROM contents are invalid, akaja kijana mmoja fundi akaiandikia upya namba ya kadi ya mtandao pamoja na hostid, ikabuti vizuri na kwenye klasta imeingia. Shida ni kwamba nikipiga format kwenye hiyo seva ya pili naona diski mbili za ndani tu, za nje hamna kitu. Nimebadilisha kebo, nimepiga devfsadm (amri ya kuifanya Solaris itafute vifaa upya) mpaka nimechoka, na saivi hata seva ya kwanza imeanza kuandika SCSI transport failed kwenye /var/adm/messages. Bosi anasema diski zimekufa tununue kabati jingine. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie bosi asitoe hela kwanza, na wewe acha kupiga devfsadm, haitakusaidia kitu. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua ukalipita kama habari ndogo, ni hayo maneno ya IDPROM.

Kwenye mashine hizo kuna chipu ya NVRAM ambayo ina betri yake ndogo humo humo ndani. Seva ikiwa na umeme betri haina kazi, ndo maana inaweza kufa hata miaka iliyopita na hakuna aliyejua, siku mnazima seva mkaipeleka stoo kila kilichoandikwa kwenye ile chipu kinafutika. Kijana akarudisha namba ya mtandao na hostid, hapo amefanya vizuri, ila kwenye chipu hiyo hiyo kulikuwa na mambo mengine ambayo hayamzuii mtu kubuti kwahiyo hakuna aliyeyakumbuka. Moja ni scsi-initiator-id, yani namba ya kadi ya seva kwenye laini ya SCSI.

Sasa twende taratibu hapa. Laini ya SCSI ile pana ina namba 16, kuanzia 0 mpaka 15, na kila kilichochomekwa kwenye laini lazima kiwe na namba yake peke yake, diski ina yake na kadi ya seva nayo ina yake. Kadi ya seva ikitoka kiwandani inakuwa 7 kwasababu 7 ndo yenye kipaumbele kikubwa kuliko zote. Ukiwa na seva moja na diski zake hamna tabu, ila ukiunga seva mbili kwenye laini moja unakuwa na kadi mbili zote zinajiita 7, diski inajibu haijui inamjibu nani, laini inachanganyikiwa, zinaanza timeout na reset. Kwahiyo yule aliyefunga hiyo klasta yenu zamani aliibadilisha seva moja ikawa 6. Chipu ilipofutika 6 ikarudi kuwa 7. Seva ya kwanza inaziona diski kwasababu mipangilio yake haijaguswa, na hayo ma-SCSI transport failed yanayoiandama saivi ni fujo za mwenzake, sio diski kufa.

Kuhakikisha ni dakika moja tu na huhitaji kuzima chochote. Ingia ruti kwenye seva zote mbili uandike eeprom scsi-initiator-id. Zikikujibu 7 na 7 basi kazi imeisha kutafutwa.

Kabla ya kurekebisha kuna mambo mawili naomba unisikilize. La kwanza usichomoe kebo ya seva ya pili wakati seva ya kwanza inafanya kazi. Najua mkono unawasha, ila mara nyingi kwenye mpangilio wa namna hiyo kadi za seva ndo taminata (vizibo vya kufungia ncha za laini), moja huku mwisho nyingine kule mwisho, ukichomoa upande mmoja laini inabaki wazi na hiyo seva nzima uliyobaki nayo itaanza kupoteza diski katikati ya kazi. La pili usijaribu kuweka lebo wala newfs (amri ya kuunda mfumo mpya wa faili) wala kitu chochote cha kuandika kwenye diski za nje kutokea seva ya pili, hata kama ghafla zikionekana na format ikakuuliza kwa adabu kwamba diski haina lebo nikuwekee. Mwambie hapana. Zile ni diski zenye data hai za mwenzake.

Haya, tafuta muda watu hawafanyi kazi. Kwenye seva ya pili hamisha huduma zilizopo kwa scswitch -S -h ukitaja jina la seva hiyo, alafu shutdown -g0 -y -i0 mpaka ufike kwenye ok, pale seva inaposubiri amri kabla Solaris haijaanza. Usitumie Stop-A kuishusha seva iliyo ndani ya klasta, na kama umeshaitumia basi usiandike go kuiendeleza, maana wenzake wameshaihesabu kuwa imekufa na ikizinduka itapaniki yenyewe. Ukifika ok andika setenv auto-boot? false alafu reset-all, isibuti yenyewe na probe (ukaguzi wa vifaa) isije ikaning'inia.

Sasa unaandika setenv scsi-initiator-id 6. Wengi wanaishia hapo, wakibuti wanaona diski za nje zimerudi wanafurahi, kesho yake anakuja mtu anataka kusoma CD haionekani. Hiyo amri inabadilisha kadi ZOTE za SCSI kwenye mashine pamoja na ya ndani, na kwenye mashine za Sun CD-ROM ya ndani kwa kawaida ndo inakaa namba 6. Umetoa ugomvi nje umeuingiza ndani. Ndo maana kunakuwa na kaskripti kadogo ndani ya nvramrc (sehemu ya chipu ile ile inayotunza skripti) kanakosema kadi ya ndani irudi 7, na hako nako naamini kamefutika pamoja na mengine.

Angalia kwanza njia ya kadi ya ndani kwa show-disks na devalias, kwenye mashine kama yako inafanana na /pci@1f,4000/scsi@3 ila usininukuu, tumia unayoiona wewe kwenye skrini yako. Alafu andika nvedit na uingize mistari hii:

probe-all
cd /pci@1f,4000/scsi@3
7 encode-int " scsi-initiator-id" property
device-end
install-console
banner

Angalia sana mstari wa tatu, baada ya ile alama ya kunukuu ya kwanza kuna nafasi moja, sio mbili na sio bila nafasi, alafu ndo neno linaanza. Hiyo nafasi imewalaza watu kwenye chumba cha seva. Ukimaliza bonyeza Ctrl-C, andika nvstore, alafu setenv use-nvramrc? true, alafu reset-all. Usiposema true skripti inakaa tu hapo haisomwi na mtu.

Ikirudi kwenye ok hakikisha kwa macho, ingia cd kwenye njia ya kadi ya ndani uandike .properties, unataka kuona scsi-initiator-id ni 7, kisha kadi ya nje unataka uone 6. Ukimaliza andika device-end utoke. Hapo sasa piga probe-scsi-all na diski za kabati zitajitokeza moja moja na namba zake. Kama kuna diski kwenye kabati imewekwa 6 au 7 ihamishe namba, japo kwako sidhani maana zamani ilikuwa inafanya kazi. Zisipoonekana hapa kwenye ok hakuna amri ya Solaris duniani itakayozileta, maana hapa Solaris hata haijaanza, tatizo liko kwenye waya au kadi. Mkifika huko mkague pini za kebo kama hazijapinda wakati wa kuhama, na urefu, hasa kama jengo jipya limewalazimisha kununua kebo ndefu zaidi. SCSI ya HVD inavumilia mpaka mita 25, LVD mita 12, na ile ya kawaida ya single-ended kwenye kasi ya Ultra ni mita 3 tu na ukiwa na vifaa zaidi ya vinne inashuka mita 1.5. Na msichanganye HVD na LVD eti kwasababu soketi zinaingiliana, hazielewani kabisa na mnaweza kuunguza kadi.

Zikionekana rudisha auto-boot? true na ubuti kwa boot -r. Ndani ya Solaris format ionyeshe diski zote, alafu scgdevs, alafu scdidadm -L. Kwenye orodha ya scdidadm diski ya pamoja lazima itokee mara mbili kwa namba moja ya DID (namba ambayo klasta inaipa kila diski), mstari mmoja wa seva ya kwanza na mwingine wa seva ya pili. Ikitokea mara moja tu bado hamjamaliza hata kama format inaziona.

Ukimaliza angalia scstat -q. Kwenye klasta ya seva mbili kila seva ina kura moja na diski ya kura (diski inayohesabiwa klasta inapoamua nani aendelee) ina moja, jumla 3, zinahitajika 2 ili klasta isimame. Diski yenu ya kura bila shaka iko kwenye kabati hilo hilo. Yani kipindi chote hiki seva ya pili haioni diski, kama seva ya kwanza ingezimika ghafla seva ya pili ingebaki na kura yake moja, isingeweza kuchukua kazi. Mlikuwa mnaamini mna klasta kumbe mna seva moja na pambo. Hiyo ndo ya kumwambia bosi, sio habari ya kununua kabati.

Na chipu ya NVRAM mbadilishe, seva zote mbili, maana ya seva ya kwanza ina umri ule ule na ikizimwa siku moja mtarudi hapa hapa. Kabla ya kuibadilisha andikeni kwenye karatasi matokeo yote ya eeprom pamoja na hostid, hostid ni muhimu sababu kuna leseni za programu zimefungwa nayo, ikibadilika programu inagoma kuwaka na hapo mtaanza kutafuta ugonjwa mwingine kabisa.

SWALI: Habari ya kazi Fundi. Niko Nairobi, natunza seva mbili za AIX zenye PowerHA (programu ya klasta), diski zinatoka kwenye storeji kupitia faiba. Kadi ya faiba ya nodi (seva) moja ilikufa, ikabadilishwa, tangu hapo cfgmgr (amri ya kutafuta vifaa) haileti diski za pamoja kwa hiyo nodi. Watu wa storeji walifanya mambo yao, sasa hdisk zimetokea lakini lspv inaonyesha none badala ya PVID (kitambulisho cha diski), na bootinfo -s inayotoa ukubwa wa diski inanipa 0. Watu wa storeji wanasema upande wao uko sawa. Kweli au wananizungusha? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Salama dada yangu, poleni na kazi. Hawakuzungushi, ulikuwa na matatizo mawili yamepangana na wao wametatua la kwanza.

La kwanza ni kwamba kadi ya faiba ina namba yake ya kuzaliwa, WWPN, na storeji pamoja na swichi zinaijua seva yako kwa hiyo namba. Kadi mpya ni namba mpya, kwahiyo mpaka iwekwe kwenye zoni ya swichi na storeji iambiwe kwamba huyu naye aruhusiwe kuona hizo LUN (diski zinazotolewa na storeji), wewe piga cfgmgr mpaka asubuhi haileti kitu. Siku nyingine ukibadilisha kadi usisubiri waulize, chukua lscfg -vpl fcs0, ule mstari wa Network Address ndo WWPN, watumie kabla fundi hajafunga boksi la vifaa.

La pili ni kufuli. hdisk imetokea maana yake njia ipo, ila ukubwa 0 na PVID haisomeki mara nyingi maana yake nodi nyingine imeifungia diski na hii ya pili inaruhusiwa kujua kwamba diski ipo na basi. Kwenye nodi ZOTE MBILI angalia lsattr -El hdisk4, weka namba yako wewe, tafuta reserve_policy. Naona kabisa utakuta single_path kwenye moja wapo, hiyo ndo inayokuja yenyewe AIX inapoitambua diski. Kwenye klasta inatakiwa no_reserve, unaibadilisha kwa chdev -l hdisk4 -a reserve_policy=no_reserve. Diski ikiwa inatumika itakataa, hapo ongeza -P ianze kufanya kazi baada ya kureboti, au uizime volume group (kundi la diski) kwa utaratibu kwanza wakati wa matengenezo. Usisahau hdisk mpya zilizozaliwa kwenye nodi iliyobadilishiwa kadi, nazo zimezaliwa na single_path, leo hazijakusumbua ila siku ya failover zitakusumbua.

Kufuli ikishatoka rudi kwenye nodi isiyosoma, rmdev -dl hdisk4, alafu cfgmgr, lspv itaonyesha PVID ile ile iliyoko upande wa pili. Ila rmdev -d inafuta mipangilio ya diski, kwahiyo baada ya cfgmgr irudishie no_reserve kwa chdev. Linganisha PVID, usilinganishe majina, hdisk4 ya huku inaweza kuwa hdisk7 ya kule na wala sio kosa. Nimeona watu wanahangaika siku nzima kuzilazimisha namba zifanane bure tu, na mbaya zaidi kuna anayeona hdisk4 zote mbili anaamini ni diski moja kumbe ni LUN mbili tofauti, huyo ndo anaishia kufuta.

SWALI: Mambo fundi, mimi mwanafunzi Arusha, nataka kujifunza klasta kwa Linux nyumbani. Nina kompyuta mbili na eksteno moja ya USB ya 1TB. Nimenunua kebo ya kugawa USB, nikachomeka kompyuta zote mbili kwenye eksteno, inaonekana kwenye moja tu, wakati mwingine hakuna hata moja. Kebo mbovu? — Msomaji, Arusha

JIBU: Poa. Kebo ni nzima, ila ulichokitaka USB haikukijenga. USB ina bwana mmoja tu, kompyuta moja inaamrisha na vifaa vinatii, hakuna kompyuta mbili kushika diski moja kwa wakati mmoja. Chomoa kabla hujaunguza poti.

Ila eksteno yako haijapotea bure. Njia rahisi, kama kompyuta moja ina RAM ya kutosha, ni VirtualBox. Tengeneza mashine mbili za Linux, alafu tengeneza diski ya tatu ya ukubwa usiobadilika, sio ile inayokua yenyewe, ukitumia inayokua VirtualBox itakataa kuifanya ya pamoja. Ibadilishe kwa VBoxManage modifymedium disk, taja faili lake, na mwisho weka --type shareable. Iunganishe kwenye mashine zote mbili na lsblk itaionyesha kote.

Njia ya pili ndo inafanana zaidi na kazini, kompyuta moja iwe storeji. Chomeka eksteno hapo, igawe kwa iSCSI (diski kupitia mtandao) ukitumia targetcli, inasikiliza poti 3260, kisha nodi zako zinaivuta kwa iscsiadm. Nodi ikiwa haioni kitu angalia kwanza faya-wolu ya poti hiyo, alafu angalia jina la IQN la nodi kama umeliruhusu kwenye ACL (orodha ya wanaoruhusiwa) ya targetcli, hapo ndo wanafunzi wengi wanakwama, discovery inafanya kazi vizuri kabisa alafu login inakataliwa, jina lako liko ndani ya /etc/iscsi/initiatorname.iscsi na lazima lifanane herufi kwa herufi.

Alafu kuna mtego unakusubiri mbele. Diski ikishaonekana kwenye nodi zote mbili utashawishika kuweka ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux) na kuimaunti kote kwa pamoja. Itakubali, na mwanzoni utaona kama inafanya kazi, utaandika faili huku kule halionekani, utafikiri ni kuchelewa tu. Kila nodi inaamini iko peke yake na inaandika juu ya maandishi ya mwenzake, baada ya muda fsck itakuonyesha maajabu. Ukitaka kuimaunti kote kwa wakati mmoja tumia GFS2 au OCFS2, hizo zimetengenezwa kwa ajili hiyo na zinahitaji klasta iwe imesimama kwanza ndo zikubali kumauntiwa. Ukitaka kubaki na ext4 inawezekana pia, ila nodi moja tu kwa wakati mmoja, na uiachie Pacemaker (programu inayosimamia klasta) iamue ni ipi, usiweke kwenye /etc/fstab ya nodi yoyote. Anza na hiyo ya Pacemaker, GFS2 iache mpaka uwe umeshaelewa fencing (kuikata nodi mbovu isiguse diski), na kwenye VirtualBox fencing yenyewe ni barua nyingine.